Texas Inavyopanga Michezo ya Shule

Tangu binti yangu aanze kucheza soka shuleni hapa Dallas, nimekuwa msomaji sugu wa kanuni za UIL, chombo kinachosimamia michezo ya shule za umma Texas tangu 1910. Shule hupangwa kwa idadi ya wanafunzi wake, kuanzia daraja la 1A hadi 6A, na kila baada ya miaka miwili hesabu hufanywa upya.

Mimi nimependa hiyo 1A. Ni vishule vya vijijini, na vingi hucheza futiboli ya Kimarekani ya watu sita kila upande, uwanja wa yadi 80 badala ya 100. Timu ikiongoza kwa pointi 45 baada ya mapumziko, mechi inakatwa hapo hapo. Huruma hiyo kwetu Kenya haikuwepo: shule ya kutwa ilikutana na vigogo wa bweni kwenye mashindano ya kaunti, ikala mabao, ikapanda matatu kurudi nyumbani.

Kinachowatesa majirani zangu Wakongomani ni umri. Mchezaji asiwe ametimiza miaka 19 kufikia Septemba 1 ya mwaka huo wa masomo, na wengi waliopitia kambi za wakimbizi waliandikiwa tu Januari 1 kama tarehe ya kuzaliwa. Kijana akiandikwa mkubwa kuliko alivyo, anaweza kupoteza mwaka wake wa mwisho wa kucheza kwa karatasi ya karani.

Halafu kuna alama. Sheria ya 1984 inasema ukipata chini ya 70 katika somo, unasimamishwa kucheza. Kwa hiyo aljebra nyumbani kwetu inafanywa kabla ya mazoezi, na hakuna mjadala.