Tusimlemee Mtu

Masomo: 1 Wathesalonike 4:9–12, 2 Wathesalonike 3:6–13

Wapendwa katika Bwana,

Mtume Paulo alikuwa na haki ya kutunzwa na makanisa aliyoyahubiria. Haki hiyo anaitetea kwa kirefu katika 1 Wakorintho 9, hata anaikumbusha torati kwamba ng'ombe apuraye nafaka hafungwi kinywa. Lakini alipofika Thesalonike hakuidai. Alifanya kazi usiku na mchana, na sababu anayoitoa ni fupi tu: asimlemee mtu yeyote kati yao. Matendo 18 inatuambia ufundi wake ulikuwa kushona mahema. Huko Korintho aliufanya pamoja na Akila na Prisila. Ni kazi ya kuinama kutwa na kuchomwa vidole. (Hilo la vidole naongeza mwenyewe, ila sidhani kama nakosea.)

Tukisikia neno kujitegemea, wengi wetu tunamwona mtu aliyejitosheleza: ana chake, hamwombi mtu, haulizwi na mtu. Maandiko yanamjua mtu huyo na hayamsifu. Kumbukumbu la Torati 8 inamwonya Mwisraeli aliyeshiba asije akasema moyoni kwamba nguvu za mkono wake ndizo zilizompatia utajiri. Paulo anaanzia kwingine kabisa. Anamtazama jirani, kisha anajiuliza: maisha yangu yanamlemea nani? Ukishajiuliza hivyo, kujitegemea na kuishi kwa dhamiri safi vinakuwa jambo moja, kwa sababu mzigo ninaokwepa kuubeba hauyeyuki. Upo begani kwa mtu fulani, na mara nyingi mtu huyo ana uwezo mdogo kuliko mimi.

Tuanze na ujira, kwa maana hapo ndipo waumini wengi tunaponaswa bila kujijua. Kumbukumbu la Torati 24:14–15 inaagiza kibarua alipwe siku ileile kabla jua halijachwa, kwa kuwa ni maskini na moyo wake uko kwenye malipo hayo. Tunapoisoma tunawafikiria wenye viwanda na mashamba makubwa. Lakini ni nani kati yetu hajawahi kumwita fundi, au kumpa mtu nguo afue, au kumtuma mtu abebe mzigo? Kisha kazi ikiisha tunasema, “Nyingine nitakumalizia kesho.” Kesho inakuwa wiki ijayo, na wiki ijayo simu haipokelewi. Tazama kilichotokea: mtu anayejiona anajitegemea amejikopesha fedha kutoka kwa mwenye njaa, bila kumwomba na bila kumwambia. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unalia, na kilio cha wavunaji kimefika masikioni mwa Bwana. Mimi naliona hili ni zito kuliko mengi tunayoyakemea kwa sauti kubwa madhabahuni.

Dawa yake haihitaji mfungo. Usimwite mtu kazini kama fedha yake haipo mkononi. Mpatane bei kabla hajagusa chochote, na hiyo bei isiwe ya kumkomoa kwa sababu umemwona ana shida. Akimaliza, alipwe kabla hajaondoka. Kama kazi ina kasoro, mwambie hapohapo akiwa amesimama, usiitunze kasoro hiyo iwe kisingizio cha kumcheleweshea.

Deni ni ndugu yake ujira. Mithali 22:7 inasema akopaye ni mtumwa wake akopeshaye, na mjane wa 2 Wafalme 4 aliufahamu utumwa huo vizuri, maana mwenye kumdai alikuja kuwachukua wanawe wawili. Nimekaa sana kwenye habari hii. Nabii Elisha, aliyeendewa na mjane huyo, hakutoa mfuko akamlipia. Alimwuliza ana nini nyumbani. Mama akajibu kwamba hana kitu, kisha akakumbuka chupa ya mafuta. Akaagizwa akaazime vyombo kwa majirani, tena visiwe vichache, na baada ya muujiza akapewa utaratibu: auze mafuta, alipe deni, yeye na wanawe waishi kwa kitakachobaki. Sisi huishi kwanza, na deni tunalipa kwa kitakachobaki, ambacho hakibaki.

Kwa hiyo hatua ya pili ni karatasi moja na kalamu. Andika kinachoingia, kinachotoka, na majina ya wote unaodaiwa nao, hata yule ambaye ameacha kukudai kwa aibu. Mke na mume waiandike pamoja. Ni karatasi ya kuogofya, najua, na wapo watakaoona kuomba usiku kucha ni rahisi kuliko kuiandika. Lakini Bwana mwenyewe alisema mtu anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama.

Nyumbani nako kuna mikono iliyolala. Mtu mzima mwenye afya asiyejua kushona kifungo, kupika chakula chake, kufua soksi zake au kukaza bomba linalovuja, anaishi kwa jasho la mtu mwingine, na kwa kawaida mtu huyo ni mama, dada au mke. Wapo ndugu zetu wanaotoa ushuhuda mzuri sana wa uhuru katika Kristo huku sahani zao zikingojea kuoshwa na aliyechoka kuliko wao. Chagua kazi moja usiyoijua, uombe ufundishwe, kisha iwe yako.

Kuhusu kutupa ovyo, Yohana 6:12 yatosha. Aliyekuwa amewalisha maelfu kwa mikate mitano ndiye aliyeamuru vipande vikusanywe kisipotee kitu, vikajaa vikapu 12. Anayeweza kufanya mkate uongezeke mikononi mwake alikuwa na sababu ndogo kuliko sisi sote ya kuhangaikia mabaki. Maji yanayochuruzika usiku kucha, taa inayowaka chumba kitupu, takataka niliyoirusha dirishani: vyote vina mtu wa kuvilipia au kuviokota.

Sasa niseme neno kwa wanaoipenda mno 2 Wathesalonike 3:10, ule mstari wa asiyetaka kazi asile. Mstari wa 11 unaonyesha Paulo alikuwa na akina nani mawazoni: watu waliokaa bila kazi wakijishughulisha na mambo ya wengine. Hakuwa akimsema mgonjwa, wala mzee, wala kijana anayezunguka kila siku kutafuta kazi asiipate. Mistari miwili mbele anawaambia waumini haohao wasichoke kutenda mema. Na yeye mwenyewe, katika mji uleule wa Thesalonike alikojichosha usiku na mchana, alipokea msaada kutoka Filipi, wala si mara moja. Anaukiri kwa shukrani katika Wafilipi 4:16. Hakuona aibu. Kupokea kilichotolewa kwa upendo si sawa na kumlemea mtu, na anayekataa kusaidiwa kabisa huenda amerudi kwenye kile kiburi cha Kumbukumbu la Torati. Waefeso 4:28 inamtaka hata aliyekuwa mwizi afanye kazi kwa mikono yake, apate kitu cha kumgawia mhitaji. Basi lazima wahitaji wawepo kati yetu, na wawe huru kusema wanahitaji.

Juma hili, kabla ya kukutana tena, kila mmoja achukue jina moja tu kutoka kwenye ile karatasi. Ukishindwa kuchagua, anza na yule ambaye simu yake ikiita unaigeuza kifudifudi. Kama unayo fedha, ipeleke. Kama haitoshi, peleka iliyopo. Na kama hakuna kabisa, mpigie wewe kabla hajakupigia, umwambie ukweli wote na tarehe unayoweza kuitimiza.