Kitambi changu na mkanda wa gari: jinsi nilivyoupata ukae

Simama stejini utazame madereva wakiondoka, utaona mikanda imefungwa kila namna. Kuna anayeukaza hadi shati linakunjamana. Kuna anayeupitisha chini ya kwapa kwa kuwa unamkwaruza shingo. Na wengi wetu, hasa sisi tuliojaliwa kitambi, huuacha ukining'inia kifuani ili trafiki akichungulia dirishani aone kitu kimepita pale. Ni mazoea ya tangu Februari 2004, sheria za marehemu John Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi wa Kenya, zilipoanza kutekelezwa na matatu zote zikalazimika kuwa na mikanda. Watu wengi walijifunza kuufunga kwa ajili ya polisi.

Mimi napenda unibane. Kazi ilikuwa kuupata unibane bila kunitesa, maana nafanya teksi na kuna siku nashinda kwenye usukani kuanzia alfajiri, hapa Nairobi, Kasarani hadi uwanja wa ndege wa JKIA, JKIA hadi Westlands. Kila nilipoukaza, sehemu ya chini ilikuwa inapanda na kulala katikati ya tumbo, na baada ya chakula cha mchana hapo hapakaliki.

Dawa niliipata kwenye kiti. Dereva akilaza kiti nyuma kama anapumzika, mkanda wa begani unaachana na kifua chake, na gari likigonga mwili unateleza kwenda mbele ukipita chini ya ule wa kiunoni. Niliinua egemeo hadi mabega yangu yakagusa kiti huku vifundo vya mikono vikifika juu ya usukani. Halafu nikahakikisha kati ya kidari changu na usukani kuna kama sentimita 25, kwa sababu mfuko wa hewa ulio ndani ya usukani (airbag) hufumuka kwa nguvu nyingi na haupendi mtu aliyeukumbatia. Kwa mwenye kitambi kupata hizo sentimita kunahitaji subira.

Baada ya hapo ni utaratibu ambao abiria wengine huucheka, na nawaacha wacheke. Naketi hadi makalio yaguse nyuma kabisa. Nachomeka mkanda, nainua tumbo kwa mkono mmoja, na kwa mwingine nausukuma ule wa chini ukae kwenye mifupa ya nyonga, pale mapaja yanapoanzia. Mfupa unastahimili kuvutwa. Viungo vya tumboni ni laini, havistahimili. Kisha navuta ule wa begani kwenda juu mpaka wa chini ukaze. Begani upite katikati ya mtulinga, usiguse shingo. Magari mengi yana kitufe kwenye nguzo ya mlango cha kuupandisha na kuushusha, na naamini wenzangu wengi hawajakigusa tangu gari lishuke bandarini Mombasa. Kipimo changu ni kiganja: kikilala bapa kipite kati ya mkanda na kifua, ngumi isipite.

Bado kulikuwa na tatizo moja. Nikijiinua kidogo kulipia maegesho, mkanda ulikuwa haurudi. Ulibaki umelegea mpaka niusukume kwa mkono. Kuna aliyenishauri ninunue mwingine wa mtumba, nikakataa. Hujui umetoka kwenye gari gani, na mkanda uliokwisha kumshika mtu kwenye ajali nyuzi zake huwa zimevutika. Nikauvuta wote nje hadi mwisho, nikauzuia kwa kibanio cha nguo usirudi, nikauosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida. Maji yalitoka rangi ya chai ya rangi. Uchafu mbaya zaidi ulikuwa kwenye kile kitanzi cha begani unapopitia mkanda: jasho na vumbi vimegandamana, vyeusi, vya kukwanguliwa. Nilikisugua kwa kitambaa. Sikutia dawa ya kung'arisha nguo, inaozesha nyuzi, wala mafuta, yanaita vumbi. Nikauacha ukauke kabisa kabla ya kuuachilia. Sasa ukiuachia, unaruka wenyewe.

Jirani yangu wa stejini hubishana nami. "Kaka, mimi nataka nafasi ya kugeuka," husema, na mkanda wake ameubana kwa kile kibanio cha plastiki ili usimguse kabisa. Nafasi hiyo anayo tayari. Ndani ya kile kiringo kinachoukunja mkanda kuna kifaa kinachoshtuka gari likipunguza mwendo ghafla, na kingine kinachoshtuka mkanda ukivutwa kwa nguvu. Inama polepole, unakufuata. Uvute kwa kishindo, unakwama. Alichoongeza yeye ni pengo. Kwa kilomita 80 kwa saa pale Thika Road unakwenda kama mita 22 kila sekunde, na gari likisimama wewe huendelea na mwendo huo hadi mkanda ukukute. Magari mengine yana baruti ndogo ya kuuvuta mkanda wakati wa kugongana, lakini inavuta kiasi kidogo tu, haiwezi kumaliza ulegevu wote aliouweka kwa mkono wake.

Julai huwa nafungua zipu ya jaketi na kuupitisha mkanda ndani, juu ya shati. Jaketi nene linakudanganya kwamba mkanda umebana, kumbe umebana sufi.

Abiria wa nyuma ndio walionichosha. "Mama, naomba ufunge mkanda." "Dereva, huku hakuna." Na kweli hakuonekana, vile vifungio vilikuwa vimemezwa na kava za viti nilizoshonewa. Nilizirudisha kwa fundi akatoboa na kupindia matundu, vifungio vikatokeza. Siku hizi wengi hujifunga bila kuombwa. Yule wa katikati tu ndiye mkanda wake ni wa kiunoni peke yake na haujikazi, kwa hiyo kabla ya kuondoka namwambia avute ule mkia mpaka ukae.