Jinsi Baba alivyoacha kuendesha pikapu yake

Baba yangu ana miaka 79 na anaishi Njoro, kama kilomita 20 hivi kutoka Nakuru mjini. Pikapu yake ni Peugeot 504 aliyoinunua mwaka 1988 kwa pesa za ngano, na tangu hapo sijawahi kumwona akimwachia mtu usukani yeye akiwa ndani. Mimi nimepewa jina la mamake, kwa hivyo huniita Mama tangu nikiwa mtoto. Mtu anayekuita Mama huwezi tu kumwendea siku moja ukamwambia alete ufunguo.

Jambo la kwanza kunishtua lilikuwa lalamiko lake. Kila nikimpigia simu ana kisa cha boda boda. "Mama, hawa vijana wa pikipiki wataua watu. Wanachipuka kama uyoga, huoni walikotoka." Nilikuwa namuitikia, kwa sababu ni nani hapa Nakuru asiye na kisa cha boda boda? Ilinichukua karibu mwaka mzima kuelewa kwamba alikuwa ananieleza habari za macho yake.

Kisha nilipoenda nyumbani niliona nguzo ya kushoto ya geti ina rangi ya pikapu, na kioo cha pembeni cha upande huo huo kimefungwa kwa blada. Mamangu alikuwa barazani anapukuchua mahindi. Nikamuuliza kama Baba bado anampeleka kliniki yake ya presha. Akasema siku hizi anapanda matatu. Kwa nini, na gari liko? Hakuinua macho. "Mwanangu, mimi huanza kuomba tukitoka getini mpaka turudi." Alikuwa ameomba hivyo miezi mingi bila kutuambia, asimwaibishe mumewe. Kama una mzazi anayeendesha, muulize yule anayekaa kiti cha pembeni. Yeye anajua kabla yenu wote.

Mara ya kwanza nilivuruga mambo. Krismasi, watu wote wamekaa, nyama imeiva, nikasema mbele ya wajukuu kwamba Baba amezeeka na gari liuzwe. Aliweka sahani chini akatoka kwenda kwa ng'ombe. Kwa wiki mbili simu yangu ilipokelewa na mamangu tu. Najuta mpaka leo, na si kwa sababu nilikuwa na makosa kuhusu gari. Nilimvunjia heshima mbele ya watoto wanaomwita Guka, halafu nikampa sababu isiyo ya kweli. Umri peke yake hausemi kitu. Jirani yetu ana miaka 83, na ukipanda gari lake utalala usingizi. Wako wengine wa miaka 60 ambao dawa wanazomeza zinawatia kizunguzungu na hawafai kushika usukani hata kidogo.

Februari nilimuomba radhi, nikamuomba pia anipe lifti kupeleka maziwa. Nilikuwa nimejiapiza nisiseme neno njiani, niangalie tu. Barabara iliyonyooka aliendesha vizuri kuliko mimi, gia zinaingia bila kelele, indiketa inawashwa mapema. Tulipokaribia sokoni nikaona pikipiki ikija kutoka njia ya kushoto, imebeba kreti ya mkate. Niliiona ikiwa mbali. Nikangoja Baba apunguze mwendo. Hakupunguza. Tulikuwa kama kilomita 40 kwa saa, yaani mita 11 kila sekunde, na mimi nimekanyaga sakafu kana kwamba nina breki. Alishtuka pikipiki ikiwa tayari mbele ya boneti, akakanyaga breki, mitungi ikagongana nyuma. "Umeona?" akaniambia, anatetemeka. "Umeona wanavyochipuka?" Hakuwa anajitetea. Kwake yeye pikipiki ile ilitoka hewani kweli.

Sikumwambia lolote siku hiyo. Nilimwambia kesho yake tukiwa wawili, kwamba ile pikipiki mimi niliiona mapema, na nadhani macho yake yanahitaji kuangaliwa. Hapo alikubali upesi, na nikagundua alikuwa na wasiwasi wake. Mwenyewe alikuwa ameacha kuendesha usiku. Hata kwa dadake Salgaa alikuwa haendi tena, akisema malori ya Malaba yamezidi. Alichokuwa hana ni mtu wa kumwambia bila kumuona ni mtoto.

Kabla ya kuingia kwa daktari wa macho nilimuomba muuguzi kitu kimoja: daktari azungumze na Baba, asizungumze nami. Walimpima herufi ukutani akasoma karibu zote. Alinitazama kama aliyeshinda kesi. Kisha wakamweka mbele ya chombo kama bakuli kubwa jeupe, kidevu kimetulia, jicho moja limefunikwa. Unatazama nukta moja katikati, na kila ukiona mwanga mdogo popote unabonyeza kitufe. Nilikuwa nimekaa nyuma yake nikisikiliza kitufe. Kinabonyezwa mara tatu, nne, halafu kimya. Kimya kirefu. Halafu tena mara mbili. Kile kimya ndicho kilichoniliza, nikajifanya natafuta simu kwenye mkoba.

Ilikuwa glakoma, ile watu wanaita presha ya macho. Daktari alimwekea karatasi mezani: katikati kweupe, pembeni weusi, hasa kushoto. "Mzee, katikati unaona vizuri sana, ndiyo maana gazeti unasoma. Lakini kitu kikitoka huku," akaweka kidole kwenye weusi, "wewe unakiona kikishafika hapa." Baba akatazama karatasi muda mrefu. Akauliza kama yaliyopotea yatarudi. Aliambiwa hayarudi. Kama ingekuwa mtoto wa jicho angefanyiwa upasuaji akaona tena, lakini glakoma dawa ya matone inalinda yaliyobaki tu. Na kuendesha, basi. Huwa haiumi, na hiyo ndiyo hatari yake, mtu hupoteza pembeni polepole bila kujua.

Kaka yangu ndiye aliyeturudisha nyumbani. Karibu na Ngata Baba akauliza, "Sasa nani atapeleka maziwa?"

Swali hilo nilikuwa nimelilalia wiki tatu. Jibu rahisi lilikuwa mtu wa pikipiki anayekusanya maziwa getini, wapo wengi Njoro. Lakini niliposafiri naye ile siku niliona kwamba baada ya kumwaga maziwa kwenye kituo cha kupozea, alikaa saa nzima kwenye benchi na wazee wenzake, chai mkononi, wakibishana kuhusu bei ya mbegu. Ukimpelekea maziwa ukamwacha nyumbani, umemnyang'anya benchi. Kwa hivyo tulizungumza na kijana wa jirani mwenye tuktuk: abebe mitungi na abebe mzee, saa moja kila asubuhi, amrudishe saa tatu. Tunamlipa kwa mwezi. Tulipopiga hesabu ya petroli, bima na fundi wa pikapu, tuktuk ilikuwa nafuu. Jumapili binamu yangu anawapeleka kanisani.

Ufunguo hatukumuomba. Ulikaa mfukoni mwake siku tisa, halafu mamangu akaukuta umening'inizwa kwenye msumari wa jikoni.

Glakoma hutembea ndani ya familia, kwa hivyo daktari alitutaka watoto wote twende kupimwa. Mimi niko sawa kwa sasa. Kaka yangu, miaka 44, ameanza matone, na hakuwa na dalili hata moja.

Leseni ya Baba nilikuwa namlipia mimi kwa simu, miaka mitatu kwa mpigo, na mara ya mwisho nilipolipa sikufikiria macho yake hata dakika moja. Iliisha Agosti. Nikampigia kumuuliza kama niilipie, nikidhani labda angependa ikae kwenye pochi.

"Hapana, Mama," akasema. "Hizo ninunulie dawa ya macho. Chupa imebaki kidogo."