Mtandao Umekatika Wapi? Maneno ya Kwanza kwa Anayeanza Kuielewa Intaneti

Katika steshenari ninayofanyia kazi hapa Ngamiani, Tanga, hakuna maneno yanayosikika mara nyingi kuliko "leo mtandao hakuna." Huyasema mzazi aliyekuja kuchapisha matokeo ya mwanawe, huyasema kijana anayejaza fomu ya ajira, na hata sisi tulio nyuma ya kaunta huyasema. Shida ni kwamba maneno hayo hufunika hitilafu tano au sita zisizofanana, na kila moja ina dawa yake. Asiyezitenganisha hununua bando jipya wakati iliyokwama ni ruta, au humlipa fundi wakati tovuti anayoitaka ndiyo iliyolemewa huko iliko. Nimeamua kuyaeleza maneno ya msingi kwa kufuata njia ambayo ombi la mtu hupita tangu linapotoka kwenye kompyuta yake, kwa sababu nimeona kwamba neno likishajulikana linakaa wapi njiani, halisahauliki.

Tuanze ndani ya chumba. Kompyuta mbili, printa na simu kadhaa zikiunganishwa ili zipelekeane taarifa, huo tayari ni mtandao, hata kama hakuna chochote kinachotoka nje ya mlango. Zikiunganishwa kwa waya, kifaa kinachozikutanisha huitwa swichi. Zikiunganishwa kwa mawimbi ya redio, hiyo ndiyo Wi-Fi. Ruta ni kifaa kinachosimama mpakani: upande mmoja kinashika mtandao wa ndani, upande wa pili kinashika njia inayokwenda kwa kampuni inayotuuzia huduma. Ruta nyingi za nyumbani hufanya kazi zote hizo ndani ya kasha moja, na nadhani hiyo ndiyo sababu watu wengi huamini kwamba Wi-Fi na intaneti ni kitu kimoja. Si kitu kimoja hata kidogo. Alama ya Wi-Fi ikijaa kwenye simu yako, inakuthibitishia jambo moja tu, kwamba simu na ruta zinasikilizana. Kuhusu yanayoendelea nyuma ya ruta haisemi lolote.

Jambo hili lilionekana wazi Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, pale nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipopata hitilafu katika eneo la kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Intaneti ilizorota nchini, lakini ruta ziliendelea kuwaka na simu ziliendelea kuonyesha Wi-Fi kamili. Mwenye printa iliyounganishwa kwenye ruta yake aliweza kuchapisha kama kawaida, kwa kuwa waraka unaotoka kwenye kompyuta kwenda kwenye printa ya chumba hichohicho hauna haja ya kuvuka bahari.

Kuhusu Wi-Fi yenyewe, ruta nyingi za sasa hutoa mawimbi ya aina mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Yale ya kwanza hufika mbali zaidi na hupenya kuta vizuri zaidi. Yale ya pili hubeba taarifa kwa kasi kubwa zaidi lakini hudhoofika upesi. Katika nyumba za zamani za katikati ya mji wetu, zenye kuta nene kweli kweli, tofauti hiyo huijua kila anayehama kutoka sebuleni kwenda chumba cha nyuma. Kabla ya kuilaumu kampuni, sogea karibu na ruta na ujaribu tena.

Kwenye simu kuna mkanganyiko wa namna nyingine. Mama mmoja mteja wetu aliwahi kuniuliza, "Mwanangu, bando langu limekwisha tangu asubuhi, mbona pesa nimetuma na zimefika?" Nilimwambia, "Mama, zile hesabu za nyota na reli hazipiti kwenye intaneti." Swali lake lilikuwa zuri, na jibu linastahili maelezo. Mnara wa simu hubeba huduma kadhaa kwa pamoja: sauti, ujumbe mfupi, menyu zinazofunguliwa kwa nyota na reli, na intaneti. Menyu hizo hupita katika njia za simu zenyewe, ndiyo maana hufanya kazi hata kwenye simu ya kitochi isiyojua intaneti. Kwa hiyo vile vistari vinavyopanda juu ya kioo cha simu hupima nguvu ya mawimbi ya mnara, wala si uhai wa intaneti. Vistari vinaweza kujaa na intaneti isiwepo, ama kwa sababu bando limekwisha, ama kwa sababu mnara umelemewa na watumiaji wengi kwa wakati mmoja.

Intaneti, basi, ni nini? Ni maelfu ya mitandao ya kampuni, vyuo, serikali na mashirika, iliyounganishwa na kukubali kufuata kanuni zilezile za kupelekeana taarifa. Kanuni hizo huitwa itifaki. Mtandao uliotangulia, ARPANET, ulianza Marekani mwaka 1969 ukiwa na vituo vinne tu. Mwaka 1974 Vint Cerf na Bob Kahn walichapisha pendekezo la namna mitandao isiyofanana inavyoweza kuunganishwa, na kazi hiyo ndiyo iliyozaa itifaki za TCP/IP, ambazo ARPANET ilihamia rasmi tarehe 1 Januari 1983. Hakuna kompyuta kuu moja inayoendesha intaneti, wala hakuna mwenye kitufe cha kuizima dunia nzima. Na tofauti na wanavyodhani wengi, sehemu kubwa ya mawasiliano kati ya mabara haipiti kwenye setilaiti; hupita katika nyuzi nyembamba za kioo, ambazo wengi huziita faiba, zilizolazwa ardhini na chini ya bahari. Ombi linalotoka hapa Tanga kwenda kwenye seva ya Ulaya, yaani kompyuta ya huko inayojibu maombi, kwa kawaida husafiri kwanza nchi kavu kwa mkongo, ile njia kuu ya faiba, hadi kituo cha pwani ambapo nyaya za baharini hutia nanga, kama vile Dar es Salaam, ndipo livuke.

Taarifa hazisafiri zikiwa nzima. Picha, barua au video hukatwa katika vipande vidogo viitwavyo pakiti, na katika mitandao mingi pakiti moja haizidi baiti 1,500 hivi. Fikiria mfanyabiashara wa Muheza anayepeleka machungwa Dar es Salaam kwa matenga: kila tenga limeandikwa jina la mpokeaji na namba yake, mengine yamepanda lori la asubuhi, mengine la jioni, na mpokeaji anayapanga kwa namba yanapofika, likipotea tenga la saba, anaagiza la saba peke yake, haagizi mzigo wote upya. TCP, moja ya itifaki tulizozitaja, hufanya hivyohivyo kwa pakiti, na ndiyo maana faili likikamilika kupakuliwa kwenye laini mbovu, kwa kawaida hufika likiwa zima, ila limechelewa. Simu za video hupendelea njia nyingine isiyosubiri kipande kilichopotea, kwa kuwa neno lililochelewa halina faida tena kwenye mazungumzo. Badala yake picha hukwaruza kidogo na maisha yanaendelea.

Ili pakiti ifike, lazima iwe na anwani. Anwani ya IP ya mtindo wa zamani, iitwayo IPv4, ni namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, kila moja ikiwa kati ya 0 na 255. Hesabu hiyo hutoa anwani bilioni 4.3 hivi, ambazo zilionekana kuwa nyingi kupita kiasi zilipobuniwa na leo hazitoshi. Ndiyo maana anwani zote zinazoanza na 192.168 au 10 zimetengwa kwa matumizi ya ndani tu: ukiangalia simu yako ukaona 192.168.1.5, ujue kuna mamilioni ya vifaa duniani vyenye anwani hiyohiyo, kila kimoja ndani ya nyumba yake. Ruta ndiyo inayogawa anwani hizo za ndani, na ndiyo inayozibadilisha kuwa anwani moja ya nje pakiti zinapotoka. Dawa ya kudumu ni IPv6, yenye anwani nyingi mno, ila mitandao mingi bado inatumia zote mbili bega kwa bega.

Binadamu hakariri namba, kwa hiyo tunatumia majina kama necta.go.tz, la Baraza la Mitihani la Tanzania, yaitwayo majina ya vikoa. Kazi ya kuligeuza jina kuwa anwani ya IP hufanywa na mfumo uitwao DNS, uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983. Kabla tovuti yoyote haijafunguka, kompyuta yako huuliza kwanza: jina hili lina namba gani? Seva ya majina isipojibu, kila kitu huonekana kimekufa ilhali njia yote ni nzima. Katika hitilafu zote ninazokutana nazo, hii ndiyo inayowapotosha watu zaidi, na ndiyo rahisi kuliko zote kuitambua.

Seva ni kompyuta inayokaa ikisubiri maombi na kuyajibu. Wavuti ni ule mkusanyiko wa kurasa zilizounganishwa kwa viungo, tunaousoma kwa kivinjari kama Chrome au Firefox. Tim Berners-Lee aliupendekeza mwaka 1989 akiwa CERN, Uswisi, wakati intaneti ilikuwa tayari na umri wa miaka kadhaa. Wavuti ni mpangaji mmoja tu wa intaneti. WhatsApp na barua pepe ni wapangaji wengine, na kila mmoja anaweza kuugua peke yake.

Sasa tuyatumie maneno hayo. Kwenye kompyuta yenye Windows, fungua menyu ya kuanzia, andika cmd na ubonyeze Enter; litafunguka dirisha jeusi. Andika ipconfig. Utaona mistari kadhaa, na kati yake mmoja ulioandikwa Default Gateway. Namba iliyo mbele yake, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, ni anwani ya ruta yako. Kama anwani ya kompyuta yenyewe inaanza na 169.254, usiendelee: maana yake ruta haijaipa kompyuta anwani, kwa hiyo kagua waya, au izime Wi-Fi na uiwashe tena. Kama anwani ipo, andika ping, acha nafasi, kisha andika namba ya ruta. Yakirudi majibu manne yenye muda wa milisekunde chache, ndani ni salama. Kisha andika ping 8.8.8.8, ambayo ni seva ya majina ya Google ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia. Ruta ikijibu na hii isijibu, tatizo liko kati ya ruta na ulimwengu: bando, laini, au kampuni. Mwisho, andika ping google.com. Namba ikijibu na jina lisijibu, DNS ndiyo inayoumwa, na kuizima ruta na kuiwasha tena mara nyingi huiponya. Zote tatu zikijibu lakini ukurasa mmoja tu unakataa kufunguka, kama inavyotokea siku ya matokeo ya mitihani watu wa nchi nzima wanapobisha hodi kwenye seva moja, basi huna la kurekebisha upande wako. Rudi usiku watu wakishapungua.

Kuhusu kasi, tofauti moja inatosha kukuepusha na manung'uniko mengi. Kasi hutangazwa kwa megabiti kwa sekunde, lakini ukubwa wa faili huandikwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo laini ya megabiti 10 hupakua faili la megabaiti 10 kwa sekunde 8, wala si kwa sekunde moja, na hapo ni kama hakuna mwingine anayeitumia. Kuchelewa kwa jibu ni jambo la pili, tofauti na kasi: mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na seva iliyo Ulaya haiwezi kukujibu upesi kama iliyo Dar es Salaam hata ukilipia kifurushi kikubwa kuliko vyote.

Linalonisumbua moyo kuliko yote ni kufuli dogo linaloonekana kando ya anwani kwenye baadhi ya vivinjari, kwa kuwa nimeona vijana wakiliamini kupita kiasi. Kufuli, au ile herufi s katika https, humaanisha kwamba mazungumzo kati yako na seva yamefichwa, na kwamba seva ni ya jina lililoandikwa pale juu. Halithibitishi kwamba mwenye jina ni mwaminifu. Tapeli anayetangaza ajira za uongo hupata kufuli bila gharama yoyote. Kwa hiyo lisome jina lenyewe, na ulisome kutoka kulia: angalia kinachokuja mara tu kabla ya mkwaju (/) wa kwanza unaofuata jina. Likiishia na .go.tz, ni la taasisi ya Serikali ya Tanzania. Likianza na necta.go.tz kisha likaendelea kwa nukta na maneno mengine hadi kuishia na .com, mwenye tovuti ni huyo wa mwishoni, na lile jina la mwanzo limebandikwa ili kukuhadaa. Kabla ya kuandika namba yako ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, au kulipa "ada ya usaili," fanya ukaguzi huo, na kama kioo cha simu ni kidogo kiasi cha kulikata jina, bonyeza juu ya anwani na ulivute hadi ulione lote.

Ruta nayo ina nywila mbili: ya Wi-Fi, ambayo unampa mgeni, na ya kuingia kwenye mipangilio ya ruta yenyewe, ambayo hupaswi kumpa mtu. Zote mbili mara nyingi zimechapwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya kasha, na ya pili katika baadhi ya ruta ni neno admin tu. Andika ile namba ya ruta kwenye kivinjari, ingia, na uibadilishe leo.