Mkate na Kiriba cha Maji

Somo la juma hili: Mwanzo 21:8–21

Wapendwa katika Bwana,

Siku hiyo ilikuwa ya karamu. Isaka ameachishwa kunyonya, na mzee Ibrahimu amewaita watu waje kula na kufurahi. Katikati ya shangwe Sara, mke wa Ibrahimu na mama yake Isaka, akamwona mwana ambaye Hajiri, mjakazi wake, alimzalia Ibrahimu, akidhihaki. Hakusubiri wageni waondoke wala mzee apumzike. "Mfukuze mjakazi huyu na mwanawe." Aya chache mbele ni alfajiri, na mama na kijana wako njiani.

Ukisoma haraka utadhani dhihaka ile ndiyo iliyovunja nyumba. Ndivyo tunavyozoea kusimulia kuachana kwa watu tunaowajua: walikosana kwa sababu ya ujumbe kwenye simu, kwa sababu ya deni ambalo mmoja alilificha, kwa sababu ya wifi aliyekuja kukaa juma moja akakaa mwaka. Hayo ni ya siku ya mwisho. Nyumba ya Ibrahimu ilianza kupasuka zaidi ya miaka kumi na minne kabla ya karamu ile, na Biblia haikuficha ufa wenyewe ulipoanzia.

Ibrahimu aliondoka Harani akiwa na miaka 75, akiishika ahadi ya uzao. Isaka alizaliwa baba yake akiwa na miaka 100. Hiyo ni miaka 25 ya kungoja. Ilipofika miaka kumi tangu wakae Kanaani, Sara akachoka, akaleta mpango wake: mchukue mjakazi wangu. Nimeisoma sura ya 16 mara nyingi nikitafuta mahali ambapo mume na mke wameketi chini wakalizungumza lile lililokuwa likiwaumiza, yaani kukosa mtoto. Sijapaona. Huzuni haikusemwa, ikageuzwa mpango, na mpango ukamwingiza mtu wa tatu ndani ya nyumba. Hajiri alipopata mimba akamwona Sara, bibi yake, si kitu. Sara akamgeukia mumewe: "Ubaya ulionipata na uwe juu yako." Na mume akajibu nini? "Mjakazi wako yu mkononi mwako." Yaani malizaneni wenyewe.

Huyu ni mtu ambaye sura mbili nyuma alitoka na watu wake 318 akawafuatia wafalme wanne usiku na kuwapiga. Kwa wafalme alikuwa simba. Ndani ya hema yake, wanawake wawili wakiumizana kwa jambo ambalo yeye mwenyewe alishiriki, akanawa mikono. Ndugu zangu wanaume, hapa tusipite haraka. Wapo wanaume ambao hawajawahi kuinua mkono wala kutukana, wanaitwa wapole na majirani wote, na wake zao wamechakaa kwa upweke. Ukimuuliza atakwambia, "Mimi sina neno na mtu." Ndilo tatizo lenyewe: hana neno. Wanawake nao wana namna yao ya kunyamaza, ile ya kujibu "hakuna kitu" huku milango ya kabati ikijibu vingine. Watu wanalala mzungu wa nne miezi, kila mmoja anamngoja mwenzake aanze. Wanapokuja kwa wazee wa kanisa kuomba kusuluhishwa, mara nyingi huwa wameshaachana zamani. Wanachotaka ni shahidi.

Fedha zinavunja nyumba, uzinzi unavunja, pombe inavunja, wazazi wasiokubali kwamba mtoto wao sasa ana nyumba yake wanavunja. Hayo yote ni kweli na sitayafafanua, kila mmoja wetu anayajua. Ila nimeona pia nyumba zilizopitia yote hayo zikasimama, na nyingine zikaanguka kwa jambo dogo kabisa. Aghalabu tofauti ilikuwa kama bado walikuwa wanasemeshana.

Kuna kipigo pia, na hapo nabadilisha sauti. Katika sura ya 16 Sara alimtesa Hajiri hadi akakimbia, na malaika akamwambia arudi. Aya hiyo imetumiwa kuwarudisha wanawake kwenye nyumba ambazo wengine hawakutoka wakiwa hai. Wanaoitumia husahau sura ya 21. Mara ya pili Hajiri alipokuwa jangwani, malaika wa Mungu hakumwambia arudi. Mungu alimfumbua macho akaona kisima. Aliye hatarini anahitaji kwanza mahali salama pa kulala yeye na watoto wake, na polisi, na daktari. Mazungumzo ya kusameheana yana siku yake, na siku hiyo haipangwi na anayepiga. Paulo aliyeandika kwamba mke asiachane na mumewe ndiye aliyeandika, katika sura hiyohiyo ya 7 ya Wakorintho wa Kwanza, kwamba Mungu ametuita katika amani.

Sasa tumtazame Hajiri kwa upande mwingine. Sura ya 16 inasema Sara alimtoa kwa Ibrahimu awe mkewe. Sura ya 21, siku ya ugomvi, hakuna anayemwita mke. Ni "mjakazi huyu." Wanaoishi pamoja bila kufunga ndoa wanaujua mtego huu hata kama hawajawahi kuisoma habari hii. Siku za amani anatambulishwa kwa watu kama mke, anapika, anauguza, anazaa, anachangia kununua kila kilichomo ndani. Siku ya kukosana anaambiwa, "Kwani nilikuoa?" Cheo kinaondoka kwa sentensi moja. Na mwanamume pia hutendewa hivyo, aliyejenga kwenye kiwanja cha mwenzake akiamini ni chao. Nikisema kufunga ndoa kuna maana, sina nia ya kuwatia aibu walio katika hali hiyo. Wengi wetu tulianzia huko. Nasema kwa sababu agano lililosemwa mbele ya Mungu na mashahidi humlinda aliye dhaifu siku ambayo mwenye nguvu amekasirika. Kanisa nalo lisijisafishe. Tumewahi kukataa kuwapatanisha watu kwa kuwa hawakufunga ndoa kwetu, kana kwamba watoto wao huumia kwa kufuata vyeti. Yesu alikaa kisimani na mwanamke aliyekuwa na waume watano, na aliyekuwa naye sasa si mumewe. Alilitaja jambo hilo waziwazi. Maji ya uzima alikuwa ameshamtajia kabla.

Turudi alfajiri ile. "Akatwaa mkate na kiriba cha maji," yaani mfuko wa ngozi wa kuchukulia maji. Mwanzo 13 inasema Ibrahimu alikuwa tajiri kwa mifugo, kwa fedha na kwa dhahabu. Punda walikuwapo. Watumishi walikuwapo. Mzazi mwenziwe na mtoto wake wa damu akawatwika mkate na maji ya kubebwa begani. Mtu atasema Mungu ndiye aliyemwambia asikilize neno la Sara. Ni kweli, aya ya 12 inasema hivyo, na ni aya ngumu kwangu. Lakini sioni popote Mungu alipopima maji. Kiriba kile ni hesabu ya Ibrahimu mwenyewe.

Biblia inasema neno lile lilikuwa baya sana machoni pake kwa ajili ya mwanawe. Kwa hiyo alimpenda. Baba wengi walioondoka wanawapenda watoto wao, sina shaka, wanabeba picha zao kwenye simu. Upendo huo unapofika mwisho wa mwezi unakuwa kiriba kimoja: kidogo, mara moja, halafu kimya. Mwenzi aliyebaki na watoto anahesabu siku, na maji yanaisha jangwani, mbali na macho ya aliyeyapima.

Maji yakaisha. Hajiri akamweka kijana chini ya kijiti, akaenda kukaa mbali kadiri ya mtupo wa mshale, akasema, "Nisione kifo cha mtoto." Akapaza sauti, akalia. Sasa soma aya ya 17 polepole. Aliyelia kwa sauti ni mama. "Mungu akasikia sauti ya kijana." Kijana hakuandikwa popote kwamba alisema kitu. Tena katika sura yote ya 21 hatajwi kwa jina, ni "mwana wa Hajiri," "mwana wa mjakazi," "kijana," "mtoto." Jina lake, tunajua sisi, ni Ishmaeli, yaani Mungu husikia.

Isaka alizaliwa Ishmaeli akiwa na miaka kumi na minne hivi, basi siku ile alikuwa si mtoto mchanga. Tunapenda kusema wakubwa wataelewa. Wanaelewa, ndiyo, ndiyo maana wananyamaza. Namkumbuka kijana mmoja wa umri huo, wazazi wake wametengana. Aliniambia anajua orodha mbili kichwani, mambo ya kutosema kwa mama na mambo ya kutosema kwa baba. Alizisema kama anayesoma jedwali la kuzidisha. Hakuna aliyemfundisha. Watoto hubeba salamu za "mwambie baba yako," huambiwa wamefanana na yule mbaya, wakati mwingine hujiuliza walikosa nini hadi mmoja akaondoka. Na mzazi aliye karibu naye, kama Hajiri, amekaa mbali kidogo, si kwa ubaya, ila hana nguvu za kumtazama mtoto akiumia. Malaika alimwambia: ondoka, mwinue kijana, ukamshike mkononi mwako. Kisima alioneshwa baada ya hapo. Mwenye kutengana juma hili na aanzie kwenye agizo hilo la kwanza, hata kabla ya mawakili.

Ibrahimu alikufa akiwa na miaka 175. Mwanzo 25:9 inasema waliomzika katika pango ya Makpela ni "Isaka na Ishmaeli wanawe." Mmoja ana miaka 75, mwingine 89. Haijaandikwa walisemezana nini mle pangoni. Aya mbili mbele tunaambiwa Isaka alikwenda kukaa karibu na Beer-lahai-roi, kisima ambacho Hajiri, mara ya kwanza alipokimbia, alikutana na Mungu amwonaye.