Saa mbili tangu tonge la kwanza

Kwa mwaka mzima nilijihesabu mgonjwa mwema wa kisukari. Kila asubuhi kabla ya chai nachoma kidole, mashine inasoma 6.2, siku mbaya 6.9, naandika kwenye daftari lilelile la vipimo vya wateja, namshukuru Mungu, nakaa kwenye cherehani. Mwezi wa tatu nikapimwa sukari ya miezi mitatu, kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi mitatu iliyopita, ikaja asilimia 8.9, juu mno. Nilibisha. Nikamwambia nesi damu yangu wameichanganya na ya mtu mwingine. Hakukasirika. Alilifunua daftari langu karatasi moja moja, akaniuliza: "Mama, na ukishakula je?"

Nikishakula sijawahi kupima hata siku moja.

Jumamosi ile nilikula kama kawaida: wali wa nazi, maharage, kipande cha nguru, mchicha kidogo pembeni. Nikarudi kushona. Saa mbili baadaye, na nesi alisisitiza nihesabu tangu tonge la kwanza, si tangu kunawa, mashine ikasoma 14.8. Mimi nimeambiwa nisivuke 10. Nililia, sifichi.

Baadaye nikaelewa. Usiku kucha kongosho langu lina muda wa kuishusha sukari polepole, alfajiri inakuwa nzuri. Wali ukiingia kwa mkupuo, insulini ya kongosho, ile inayoshusha sukari, inachelewa, na ikija haitoshi. Yaani kila siku nilikuwa napima ile saa yangu nzuri kuliko zote, halafu najipongeza.

Vitepe vya kuwekea damu kwenye mashine ni ghali, siwezi kupima kila mlo. Basi nachagua chakula kimoja kwa wiki: kitepe kimoja kabla ya kula, kimoja saa mbili baadaye. Uji wa sembe ndio ulionishangaza. Kikombe kimoja, hata sukari sikutia, kilinipandisha kuliko vipande viwili vya muhogo wa kuchemsha nilivyokula na mbaazi. Kuhama sembe kwenda dona kulinisaidia kidogo tu; kilichosaidia ni kupunguza ugali wenyewe. Chai ya mkandaa isiyo na sukari haina neno.

Lakini mambo mawili ndiyo yaliyonibadilishia maisha. La kwanza, mboga na samaki vinatangulia, wali unakuja mwisho, kiasi cha ngumi yangu. Mkwe wangu aliponiona mara ya kwanza aliogopa: "Mama, wali umeharibika?" Sasa naye anapakua hivyo hivyo.

La pili, sirudi kwenye cherehani nikishiba. Najitanda kanga, natoka barabara ya 12 hapa Ngamiani, Tanga, hadi ya 4, narudi. Dakika 15 na ushee, mwendo wa mtu anayewahi sokoni. Misuli ikifanya kazi inavuta sukari kwenye damu bila kungoja insulini nyingi. Wali uleule, nguru yuleyule: 9.1. Sikuamini, nikarudia Jumamosi mbili zaidi. 9.4, 8.8.

Jirani yangu anayechoma insulini alitaka tuanze kutembea pamoja siku hiyohiyo. Nilimkatalia mpaka amuulize daktari wake kwanza, maana yeye sukari inaweza kumshukia njiani. Sasa tunakwenda wote, na hatoki bila pipi kwenye mkoba.

Na unawe mikono kabla ya kupima, tafadhali. Siku moja nilimenya embe dodo la wajukuu, nikachoma kidole, mashine ikasoma 19. Moyo ulinienda mbio. Nikanawa kwa sabuni, nikakausha, nikachoma kidole kingine: 8.6. Ilikuwa sukari ya embe kwenye ngozi. Choma pembeni ya ncha ya kidole, si katikati. Sisi tunaoshika sindano kutwa tunajua katikati panavyouma.

Shughulini bado napata tabu. Pilau ya sinia mnakula watu wanne, huwezi kuanza na mboga ambayo haipo, na ukila kidogo wanauliza umemkasirikia nani. Siku hizi nakula mayai mawili na bakuli la kachumbari nyumbani kabla sijatoka, nikifika nakula matonge machache kwa raha zangu, na kurudi narudi kwa miguu.

Mwezi wa saba sukari ya miezi mitatu ilikuwa 7.4. Nesi anataka ishuke chini ya 7. Vitepe viwili vya wiki hii nimeviweka kwa magimbi ya nazi, ambayo nayaogopa kuyapima kwa sababu nayapenda mno.