Siku moja maishani mwangu: dada wa darasa (msaidizi wa mwalimu), chekechea ya Dar es Salaam

Saa 1:00 asubuhi. Basi la kwanza limeingia. Napokea watoto mlangoni: begi, chupa ya maji, nguo za kubadili. Mzazi anashusha kioo cha gari, ananyoosha chupa ya dawa: "Dada, saa nne mpe kijiko kimoja." Siipokei, hata ikiwa panadol ya maji. "Shikamoo mama. Dawa zinapokelewa ofisini, mwalimu wa zamu ataandika jina, kipimo na saa, kisha utasaini." Vijiko havilingani, na mtoto akizidishiwa, anayeulizwa ni aliyeshika chupa. Mwelekeze pa kwenda. Ukisema tu hairuhusiwi, ataichomeka kwenye begi la mtoto, na huko wenzake wataifikia.

Saa 2:00. Mwalimu anafundisha, mimi nazunguka mezani: kuchonga penseli, kutuliza anayelia. Kusahihisha madaftari si kazi yangu. Ugumu huja mwalimu anapotoka "dakika tano" na kurudi baada ya nusu saa. Hilo huongewa mapema, siku ambayo hakuna aliyekasirika: "Mwalimu, zikizidi dakika 10 nimwite mwalimu wa taaluma?" Ukilisema mbele ya watoto linageuka ugomvi.

Saa 4:00. Uji, kisha choo. Mlango unabaki wazi nusu, mwenzangu akiwa karibu na kusikia. Anayeweza kujitawaza anajitawaza, namwelekeza kwa maneno. Aliyejichafua namsafisha nikiwa na glavu, nguo zinaingia kwenye mfuko wake, na saa naiandika kwenye daftari la mawasiliano. Picha sipigi, hata mzazi akiomba.

Saa 6:30 mchana. Watoto wamelala, na hapo ndipo unaombwa ufagie, uoshe vikombe, ukanunue vocha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo mapumziko yasiyopungua dakika 60. Mwajiri anaweza kukutumia muda huo ikiwa tu kazi haiwezi kuachwa bila mtu au hakuna mwingine wa kuifanya. Watoto waliolala hawaachwi peke yao, kwa hiyo tunapokezana na dada wa darasa jingine. Vikombe vinaweza kusubiri.

Saa 9:00. Ukipangwa kuwa matroni wa basi, yaani msimamizi wa watoto safarini, safari hiyo ni kazi na inahesabiwa ndani ya saa 45 za wiki. Zinazozidi ni za makubaliano, na malipo yake hayapungui mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Omba ratiba ya basi iandikwe kwenye maelezo yako ya kazi. Ahadi ya mdomo huondoka na mwalimu mkuu akihamishwa.

Saa 2:00 usiku. Ujumbe wa "leo alikula?" unajibiwa asubuhi, na maswali ya maendeleo yanakwenda kwa mwalimu wa darasa. Mtoto ambaye hajafika nyumbani ni jambo jingine: pokea simu, kisha mpigie mwalimu mkuu papo hapo.